Twende tukaone majani mekundu, lakini tubebe maji

Watu wengi waliohamia Dodoma tangu Serikali ilipoanza kuzileta wizara zake hapa mwaka 2016 wana lalamiko moja. Wanasema, “Kiangazi kikianza, hapa hakuna cha kuangalia. Ni vumbi, mibuyu isiyo na majani, na upepo.” Tusiwalaumu. Mtu aliyekulia Lushoto, Rungwe au Bukoba amezoea kijani mwaka mzima. Sisi wa nyanda za kati mvua yetu ni kama milimita 570 tu kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki anga ni kavu.

Lakini, ndugu msomaji, je, umewahi kusafiri mwishoni mwa Septemba au katika Oktoba kwa barabara ya Kondoa kwenda Babati? Ukishapita Kondoa mjini, ukapita Kolo, ukaanza kupanda kuelekea Bereko, vilima hubadilika rangi mbele ya macho yako. Kuna miti yenye rangi ya shaba, mingine rangi ya damu ya mzee, mingine waridi, mingine kijani kichanga kinachong'aa. Mgeni hudhani ni maua, kumbe ni majani. Na mvua bado haijanyesha hata tone.

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unawaalika familia mwende mkayaone. Matembezi hayo ni dawa nzuri kwa mwili na kwa akili. Lakini yanaangukia wakati mbaya kuliko wote kwa mtu asiyejiandaa, ndiyo maana tumeona tuandike mapema.

Kwa nini majani ni mekundu?

Huko Ulaya, Marekani na Japani majani huwa mekundu na ya manjano majira ya baridi yanapokaribia. Mti unajiandaa kulala, majani yanazeeka, yanabadilika rangi na kuanguka. Wajapani wana desturi ya zamani ya kutoka na familia zao kwenda milimani kuyatazama, na wanaiita momijigari.

Kwetu ni kinyume. Wekundu wa miombo ni rangi ya jani changa. Miti kama mtundu na myombo hupukutisha majani yake wakati wa ukavu ili isipoteze maji. Kisha, wiki kadhaa kabla ya mvua, huchipua upya. Jani hilo changa ni laini, na bado halina kijani cha kutosha. Wataalamu wa mimea wanasema rangi nyekundu iliyomo ndani yake hulikinga na jua kali, na huenda pia huwafanya wadudu wasilipende. Baada ya wiki mbili tatu hukomaa na kuwa la kijani kama mengine.

Je, mti unapata wapi maji ya kuchipua ilhali ardhi imekauka? Una akiba. Mizizi yake imekwenda chini sana, na shina lenyewe limetunza maji tangu masika. Mbuyu nao umejaza shina lake maji, ndiyo maana unaweza kusimama uchi miezi mingi bila kufa. Kumbuka jambo hili la akiba, maana tutalirudia.

Mwili unafaidika nini?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri mtu mzima afanye shughuli za kuchangamsha mwili kwa dakika zisizopungua 150 kwa wiki. Kutembea kwa haraka kunatosha. Watoto wa kwenda shule wanashauriwa dakika 60 kila siku. Zamani mama aliyefuata maji na kuni, au baba aliyechunga ng'ombe, hakuhitaji kuambiwa. Leo wengi wetu tunakaa ofisini, tunapanda bodaboda hadi mlangoni, na jioni tunakaa mbele ya televisheni. Matokeo tunayaona kliniki: shinikizo la damu na kisukari vimekuwa maradhi ya kila mtaa.

Kutembea hupunguza shinikizo la damu. Misuli inayofanya kazi hutumia sukari iliyomo katika damu. Usingizi unakuwa mzuri. Mtoto anayecheza nje mchana, akitazama vitu vya mbali, anapungukiwa na hatari ya kupata macho yasiyoona mbali, tofauti na anayeinamia simu kutwa. Mwaka 1982 idara ya misitu ya Japani ilianza kuwahimiza wananchi wake watembee polepole msituni kwa ajili ya kupunguza uchovu wa mawazo. Hata hapa kwetu jambo hili si geni. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza wamisionari wa Kianglikana wa Mpwapwa walipanda mlima Kiboriani kupumzika na kujipatia nguvu baada ya homa za bondeni.

Tena kuna faida ambayo haipimwi kwa mashine. Baba, mama na watoto wakitembea pamoja saa tatu bila redio wala simu, wanazungumza. Mambo mengi ambayo mtoto hawezi kuyasema mezani huyasema njiani.

Jasho lisiloonekana

Sasa tuseme la hatari. Mwaka mmoja familia za jumuiya yetu zilikodi gari kwenda Kolo. Tulipanga kuondoka saa 11 alfajiri, tukaondoka saa 2 kwa sababu ya kusubiriana. Tulipofika na kuanza kupanda mlima ilikuwa saa 6 mchana. Madumu ya maji yalibaki kwenye gari, maana kila mmoja alidhani mwenzake ameyabeba. Mikononi tulikuwa na soda chache za watoto.

Tulikuwa na bibi mmoja, mtu wa miaka sitini na kitu, anayetumia vidonge vya shinikizo la damu. Alipanda vizuri, akicheka na wajukuu. Nusu ya njia akasema kichwa kinamgonga. Mama mmoja akamwambia, “Vumilia kidogo bibi, tumeshafika.” Baada ya hatua chache bibi akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha magoti yakamwishia, akaanguka. Vijana walimbeba kivulini, wengine wakakimbilia maji. Tulimlowesha, tukampepea, akapelekwa hospitali, akapona. Lakini hatukuona jani lolote siku ile.

Baadaye alituambia neno ambalo kila mkazi wa Dodoma alishike. Alisema hakujua kama anapungukiwa na maji, kwa sababu hakuona jasho. Pwani mtu akitembea nguo zinalowa, na mwenyewe anatafuta maji. Hewa yetu ni kavu mno. Jasho likitoka, upepo hulichukua papo hapo, ngozi inabaki kavu, na mtu anajiona yuko salama. Kumbe mwili unaendelea kupoteza maji. Katika Oktoba na Novemba joto la mchana hufika nyuzi 30 na kupita. Mti wa mlimani una akiba ya maji ya masika. Binadamu hana. Maji uliyokunywa jana hayatakusaidia leo saa 7 mchana.

Maandalizi ya nyumbani

1. Ondokeni mapema. Kutoka Dodoma mjini hadi Kolo ni kama kilomita 180, na tangu barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati ilipozinduliwa mwaka 2018 safari si ya kutwa tena. Pandeni mlima kabla ya saa 4 asubuhi, au baada ya saa 10 jioni. Kati ya hapo kaeni kivulini.

2. Kila mtu abebe maji yake mwenyewe. Mtu mzima lita 3, mtoto wa shule lita moja na nusu hadi mbili. Yawe yamechemshwa au yametiwa dawa. Maji ya chemchemi, hata yakionekana safi, yanaweza kuleta homa ya matumbo na kuhara.

3. Kunyweni bila kungoja kiu, kama kikombe kimoja kila nusu saa mnapotembea. Angalieni mkojo: ukiwa wa manjano iliyokolea na kidogo, maji hayatoshi. Soda na pombe si badala ya maji.

4. Mtoto mchanga wa chini ya miezi 6 asipewe maji. Anyonyeshwe mara nyingi zaidi, na mama yake ndiye anywe maji mengi. Afadhali watoto hawa wabaki kivulini na mtu mzima.

5. Vaeni kofia au kitambaa kichwani, nguo nyepesi za mikono mirefu, na viatu vilivyofungwa. Kandambili si viatu vya mlimani. Wenzetu wenye ualbino wahitaji zaidi: kofia pana, miwani na mafuta ya kukinga jua, na watembee asubuhi tu.

6. Chakula kiwe kisichoharibika kwa joto: viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi, mayai ya kuchemsha, karanga. Karanga zichambuliwe, zenye ukungu zitupwe. Tusisahau kwamba mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ubuyu na ukwaju vinatengeneza kinywaji kizuri, na ubuyu una vitamini C nyingi.

Nani aulize kituo cha afya kwanza?

Wenye shinikizo la damu waulize, hasa wanaotumia vidonge vinavyoongeza mkojo. Dawa hizo hutoa maji mwilini, na siku ya joto kali zinaweza kumwangusha mtu. Usiache dawa kwa uamuzi wako. Muulize mganga utumieje siku hiyo.

Mgonjwa wa kisukari abebe dawa zake pamoja na kitu chenye sukari, na asitembee peke yake. Wenye moyo au figo zilizodhoofika, ambao wameshauriwa kupunguza maji, wasifuate kiasi tulichoandika hapo juu bila kuuliza. Mwenye pumu abebe dawa yake ya kuvuta, maana vumbi la kiangazi ni adui yake.

Wazazi wenye watoto wa selimundu, tafadhali sana. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo watoto wengi huzaliwa na ugonjwa huu. Kupungukiwa na maji na kuchoka kupita kiasi huamsha maumivu makali. Mtoto huyu asiachwe nyumbani kwa huzuni wakati wenzake wanatoka, bali achaguliwe mahali pa karibu na pasipo na mwinuko mkali, anywe maji mara kwa mara, na apumzike kabla hajachoka.

Kwa wazee na wagonjwa si lazima kufika Kondoa. Asubuhi moja chini ya mibuyu iliyo karibu na kijiji chenu, au matembezi mafupi kwenye vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, yanatosha. Mvua zinapokaribia mbuyu nao huanza kuchipua, na maua yake meupe hufunguka jioni, popo wakiyafuata. Watoto wengi wa mjini hawajawahi kuyaona.

Mkiwa porini

Miombo ikichanua, nyuki wana kazi nyingi, na mizinga hutundikwa mitini. Msiirushie mawe wala kupiga kelele karibu nayo. Nyuki wakishambulia, kimbieni mbali mkifunika uso, msisimame kupigana nao. Miiba iondolewe haraka kwa kukwangua. Mtu aliyeumwa na nyuki wengi, au anayevimba uso na kushindwa kupumua, apelekwe hospitali mara moja.

Mbung'o wako katika baadhi ya misitu, hasa karibu na hifadhi za wanyama. Wanavutwa na nguo nyeusi na za bluu iliyokolea, basi vaeni rangi hafifu. Ukipata homa siku au wiki chache baada ya safari, pima malaria, lakini pia mwambie mganga kwamba ulikuwa porini, ili afikirie na malale.

Tazama unapokanyaga na unaposhika, kwani nyoka na nge hupenda mawe yenye joto. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisichezwe, avuliwe pete na bangili, kisha apelekwe hospitali. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba kwa kukaza. Mkirudi nyumbani, watoto waoshwe uso kwa maji na sabuni. Vumbi na nzi machoni ndio mwanzo wa vikope, ugonjwa ambao wenyeji wa Kongwa wanaufahamu kwa uchungu.

Mtu akizidiwa na joto

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli kukaza na mwili kulegea. Hapo hapo simamisheni safari. Mgonjwa alazwe kivulini, miguu iinuliwe, nguo zilegezwe, aloweshwe maji na kupepewa. Kama ana fahamu timamu, anywe maji kidogo kidogo. ORS ni nzuri zaidi. Kama hamna pakiti, tengenezeni kwa lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa.

Akianza kuchanganyikiwa, kusema ovyo, kutetemeka kwa degedege au kupoteza fahamu, hiyo ni hatari ya kufa. Msimnyweshe kitu chochote, maana atapaliwa. Mwageni maji mwilini mwake bila kuyaonea uchungu, mpepeeni, na mumkimbize hospitali huku mkiendelea kumpoza njiani. Vidonge vya kutuliza homa havisaidii joto la namna hii. Na kamwe msimwambie mtu anayelalamika, “Vumilia, tumeshafika.”

Vilima navyo viliugua

Jambo la mwisho wazazi wawaambie watoto wakiwa palepale. Vilima hivi havikuwa hivi siku zote. Kondoa ilikuwa imeliwa na mmomonyoko hadi ardhi ikawa makorongo mekundu. Mwaka 1973 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Kwa familia nyingi yalikuwa maumivu makubwa, kwa sababu ng'ombe ndiye aliyekuwa benki yao na maziwa ya watoto wao. Lakini nyasi na miti vilirudi. Upande wa Babati, vijiji vinavyozunguka msitu wa Duru-Haitemba vilikabidhiwa kuulinda wenyewe katikati ya miaka ya 1990. Waliweka sheria zao na walinzi wao, na msitu ukapona.

Basi tusiwe wageni wabaya. Moto wa kupikia uzimwe kwa maji na mchanga mpaka majivu yapoe, kwa kuwa Oktoba cheche moja inateketeza kilima kizima. Msivunje matawi mekundu kwenda kupamba nyumbani, kwani yatanyauka kabla hamjafika. Kolo, pitieni kwanza ofisi ya Mambo ya Kale. Michoro ya miambani, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, isiguswe wala kumwagiwa maji ili ing'ae. Maji hayo mnayahitaji ninyi.

Yule bibi tuliyemtaja alirudi mlimani mwaka uliofuata. Alikwenda kwanza kliniki kuulizia vidonge vyake. Siku ya safari alifika wa kwanza, saa 11 alfajiri, akiwa na chupa mbili za maji mkobani. Saa 3 asubuhi alikuwa amekaa juu ya jiwe, chini yake bonde zima limewaka rangi, na kila mjukuu aliyepita mbele yake alimsimamisha na kumuuliza kama ameshakunywa.

Tunawatakia matembezi mema na afya njema.